Nyuma ya Kalenda

Mwankoko, 12 Juni

Kaka Alute,

Shikamoo. Huku sote tu wazima. Uvimbe wa mguu wa mama umepungua, na alizeti tumeshapura yote.

Umeandika kwamba Jumamosi utakuja kumchukua mwanangu Elipendo umpeleke shule ya bweni huko Manyoni, eti namharibu kwa kumfundishia nyumbani. Kaka, nakuheshimu, lakini humchukui. Mwalimu alimchania daftari la hadithi mbele ya wenzake, akisema mtoto wa miaka sita hawezi kuandika vile, lazima nimemwandikia mimi. Nilimtoa siku hiyo hiyo, na hata leo ningemtoa.

Unauliza vifaa napata wapi. Bhumi, yule mwenye duka la vyombo mjini, ananiwekea kalenda za miaka iliyopita, maana nyuma ni nyeupe. Mama anamsimulia Elipendo hadithi kwa Kinyaturu huku wakichambua maharage. Yeye anaziandika kwa Kiswahili, na mwisho usiompendeza anaubadilisha. Mama hugomba, halafu anaomba asomewe tena. Kalenda zimebaki mbili tu. Sasa anahitaji madaftari.

Juzi alianza hadithi ya mjomba anayekuja na basi kumchukua mtoto kwao. Mjomba ameshafika mlangoni, na hapo ndipo alipoishia. Nilimwambia amalizie, akakataa. Anasema bado hajaona mjomba ameshika nini mkononi.

Ni mimi mdogo wako, mbishi kama ulivyoniacha,
Theodora