Mama, Mianzi Yako Imekatwa

Mama,

Amani ya Mungu iwe nawe huko uliko. Nakuandikia nimekaa ukingoni mwa pisini, lile bwawa letu la kuogelea, miguu imo majini, na nimechoka mpaka kalamu naiona nzito. Nilitaka kungoja nipate habari ya kukufurahisha, lakini siku hizi ukingoja habari njema utazeeka. Na hii usipoisikia kwangu, utaisikia kwa nani? Mianzi yako imekatwa.

Usikasirike kwanza. Nisikilize.

Unakumbuka Baba alivyoichimba pisini hii wakati biashara ikiwa nzuri, akidhani ni ya sisi watoto, kumbe atakayeihitaji ni wewe. Daktari alipokwambia magoti yako yanataka kutembezwa ndani ya maji, ulimtazama kana kwamba amekwambia ukacheze ngoma sokoni. "Mi niingie mu maji, na Mama Espérance ananiangalia kule juu? Apana!" Nyumba ya jirani yetu ilikuwa ya ghorofa, na dirisha la watoto wake lilitazama moja kwa moja uani kwetu. Baba akakwambia uachane nao, macho hayana pazia. Ukamjibu, "Kama hayana, mi nitayatilia."

Ukaanza na mikeka ya matete, upepo wa ziwani ukaibeba. Ukatundika mashuka kwenye kamba, watoto wa Mama Espérance wakawa wanakaa dirishani kungojea upepo. Mwishowe ukaagiza miche ya mianzi kutoka Kanyosha, ukaipanda mwenyewe, ukainywesha maji ya kuoshea mchele, na kila asubuhi ukaigombeza kwamba inakua kivivu. Siku ilipolifunika dirisha lote uliingia majini na dera lako na mtandio wako, ukatembea polepole kama bibi harusi. Mara tukamsikia Mama Espérance kule juu: "Mama Rehema, uko wapi leo? Sikuone!" Ulicheka mpaka ukanywa maji.

Baadaye ukawaita na wenzako wa Buyenzi, Bi Mwamini na wengine wenye magoti kama yako. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri uliwafukuza wanaume wote nyumbani, ukatundika kanga nyekundu kwenye geti. Mtaa mzima ulijua maana yake: kanga ikiwa getini, mwanamume hapiti. Hata kaka Salim alikuwa akiiona anageuza njia, anarudi dukani na njaa yake. Na siku zile za mwisho, sauti imeshakukauka, hukuniusia dhahabu wala vyombo. Ulisema, "Rehema, bamama basikose pahali pa kujisitiri." Nikasema ndiyo. Ningesema nini kingine?

Nilijitahidi, Mama. Maji ya bomba yalianza kuja kwa kudondoka, pisini ikabaki nusu, na kutoka milimani tukawa tunasikia milio ya bunduki hata mchana. Wanawake waliendelea kuja, wakirudi makwao mapema kabla barabara hazijafungwa. Ila magoti ilikuwa sababu tu. Ukifiwa siku hizi, watu wanakuuliza kwanza unamlilia nani, aliyeuawa na nani, ndipo wajue kama wakupe pole. Nyuma ya mianzi yako mtu alifungua mtandio wake, akaingia majini, akalia, na hakuna aliyemuuliza. Bi Mwamini alimlilia mwanawe pale. Mpaka leo sijamuuliza yupi.

Basi wakawekwa askari kwenye kona yetu, vijana wageni, hawaujui mtaa. Wakaona kitambaa chekundu kinapanda kwenye geti kila Alhamisi, kinashuka jioni, na nyuma yake kichaka kirefu kisichoonyesha kitu. Wakaamua tunawapa watu wa milimani ishara. Wakaingia! Mkubwa wao alifika mpaka kwenye mianzi, bunduki mkononi, akapiga kelele: "Hii kitambaa munaonyesha nani? Mule munaficha nani?" Bi Mwamini, maji yakimfika kifuani, akamjibu: "Tunajificha weye, mutoto yangu. Geuka."

Wallahi Mama, aligeuka. Alisimama ametupa mgongo, shingo imemwiva kwa aibu, na hivyo hivyo bila kututazama akatoa amri: "Mutakata hii miti mpaka hapa," akagusa mkanda wake. "Nikirudi niikute iko mirefu, mutajibu."

Nilienda kwa mkuu wa mtaa nikamsihi. Nilisema nitaondoa kanga, mianzi ibaki. Akatikisa kichwa, akasema ua mrefu siku hizi ni kesi. Salim naye akanifokea, "Watu banakufa, we unalilia miti?" Ni kweli watu wanakufa. Lakini mimi nililia miti. Tuliikata wenyewe kwa panga, mimi na wanawake wako, na kila mwanzi ulipoanguka nilihisi kama nakuvua nguo mbele ya watu. Nisamehe.

Sasa lile ambalo nimelizungusha tangu nianze barua hii. Kwa Mama Espérance hakuna mtu. Waliondoka asubuhi moja mvua zilipoanza, yeye na godoro kichwani, watoto nyuma wakibeba masufuria. Aliniambia tu, "Rehema, unichungie nyumba." Kuna wanaosema walivuka mpaka wa nchi wakafika Uvira. Kuna wanaosema hawakufika. Mianzi ilipokuwa imesimama niliweza kujidanganya kwamba wapo nyuma yake, wamenyamaza tu. Ilipoanguka nikaliona dirisha. Hata mbao zake zimeng'olewa, na ndani ukuta ni mweusi.

Alhamisi iliyofuata wanawake walikuja, mimi nimeshatayarisha mashuka ya kuwakingia. Bi Mwamini alitazama juu kule, akatazama mashuka mikononi mwangu, akasema, "Yaweke chini tu, mwanangu." Akaingia majini na nguo zake, wenzake wakamfuata. Hakuna jicho lililotuona. Stara uliyoihangaikia maisha yako yote tumeipata, Mama, na hakuna aliyeifurahia. Tulitoka mapema. Ile siku hata kulia hatukulia.

Nimechoka kukata, ndiyo hali yangu. Mashina sikuyang'oa, na unaijua mianzi: nikigeuka kidogo, imeshachipua. Kila Jumamosi nashika panga nairudisha kwenye kipimo cha mkanda wa yule askari, mgongo unaniuma, nawaza hili litaisha lini.

Pumzika sasa. Mungu akupe nafasi mahali ulipo, na akusitiri kuliko nilivyoweza mimi. Mimi nakuahidi kitu kimoja. Siku nitakayomwona mtoto amekaa kwenye lile dirisha, ananichungulia bila haya, nitaitupa panga na kuiacha mianzi yako iende juu itakako, amri iwepo isiwepo. Nitamfokea kwa sauti yako, matusi yako yote nimeyahifadhi. Na nitamshukuru Mungu kwamba nina mtu wa kujificha asinione.

Mwanao,
Rehema