Beki Aliyeniuliza Jina Mara Tatu

Mjukuu wangu, mume wangu Salimu,

Hapa Tanga tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Lakini wewe utaniua kwa presha! Unagongwa kichwa uwanjani huko Marekani, kwenye huo mpira wenu wa kubeba mikononi na kuangushana, unaona vitu viwili viwili, unamficha kocha, halafu unaniuliza kama mabeki mashuhuri nao hupumzika?

Nilipokuwa muuguzi Riyadh, miaka ile wanawake walipoanza kuruhusiwa viwanjani, nilipelekwa Jeddah kwenye mafunzo ya wasichana ya mpira huohuo wenu. Mwalimu alikuwa beki mstaafu, pande la mtu, aliyesifika kwao Marekani kwa kumwangusha kila aliyeshika mpira. Asubuhi ile aliniuliza jina langu mara tatu. Mara ya tatu alimwona mkewe, aliyekuja naye, akiinamisha macho, akaelewa kuwa alikwisha kuniuliza.

“Nilikuwa nikigongwa nasema mimi mzima,” akawaambia wasichana. “Watu wakanishangilia. Leo hata fainali niliyoshinda nasimuliwa na mke wangu.”

Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia. Mtu mzima, anaficha maumivu kama mtoto aliyevunja sahani!

Mwambie kocha leo. Mama yako usijisumbue kumficha, nimeshampigia simu.

Bibi yako,
Mwanahamisi