Jiwe Ulilomchongea Mama

Chichijima, mwezi wa sita

Kaka Masanao,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha kuanza na salamu, si kwa sababu nina hamu nawe. Natumaini wewe na wifi hamjambo hapo Yokohama. Mimi ni mzima. Mapapai yameiva mpaka yanadondoka, na meli ya Tokyo imeniletea barua yako pamoja na picha ya jiwe la kaburi.

Nimeitazama picha hiyo mpaka macho yameniuma. Jiwe jeusi, limeng'arishwa, na juu yake kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa kuliko jina la mama mwenyewe: Iwo Jima. Kaka, huna haya?

Unaniandikia kwamba maana ni ileile, kisiwa cha salfa, na kwamba wageni wako hawajui Ioto, jina letu la zamani la kisiwa hicho, ni wapi. Sawa, salfa ni salfa, sibishi. Lakini unajua vizuri kuliko mimi jina hilo linafanya kazi gani kwa Kiingereza, maana ndilo linalokulisha. Huko ni jina la vita, pale Wamarekani walipopigana na jeshi letu. Wameipa manowari jina hilo, wameyapa na madaraja. Ukilitamka tu, wale wazee wa Kimarekani unaowatembeza wanavua kofia, na hakuna hata mmoja anayekuuliza pale palikuwa kwa nani.

Nawe huwaambii. Siku ile ya mhadhara wako wa Kiingereza nilikusikia kwa masikio yangu ukisema kisiwa kilikuwa mwamba mtupu unaonuka. Mama alikuwa mstari wa mbele, amevaa kimono chake cha sherehe, anakutazama kwa fahari. Akaniuliza unasema nini, nikamwambia. Alicheka kwa pua, akasema, “Mwamba mtupu? Hebu muulize, ile miwa niliyokuwa nakata niliiota? Na yeye kazaliwa na jiwe?”

Huyo alikuwa mtoto wa pale, kaka. Asubuhi alikuwa akifukia viazi vitamu kwenye ardhi yenye moto wa volkano, akitoka shule anavifukua vimeiva. Maji yao yalikuwa ya mvua, wanayakinga kwenye matangi. Mama yake alifia pale kabla ya vita, akazikwa pale. Kisha jeshi likawapakia melini na walichoweza kubeba mkononi, likambakiza babu awapikie askari, na babu hakurudi tena. Kwa mama, Ioto ni hao wawili. Wewe umemtia kwenye vita vya watu wengine, tena kwa nakshi.

Mwaka jana serikali iliporudisha jina la zamani kwenye ramani, alipika wali wa maharage mekundu kama vile kuna harusi, akakupigia simu. Ukamjibu kwamba hayo ni mambo ya wazee, wageni hawatalishika jina hilo. Aliweka simu chini, wali akawapa majirani. Mimi niliosha sufuria huku nakutukana kwa sauti, na mama hakunikataza.

Sasa nisikilize. Alipozidiwa, nilimuuliza anataka alazwe wapi. Alisema kwa mama yake. Nikamuuliza nikuite umsikie mwenyewe. Akasema, “Usimwambie Masanao, ataniletea mkalimani.” Ndivyo alivyosema, na muuguzi alicheka.

Tulipomchoma, mimi nawe tuliokota mifupa yake kwa vijiti, kuanzia miguuni hadi ule wa shingo, tukaitia kwenye mtungi. Ukatazama saa, ukasema wageni wako wanakungoja bandarini. Ukaniachia mtungi niukalishe nyumbani mpaka siku ya arobaini na tisa, kama desturi yetu ilivyo. Hukukumbuka kwamba katikati ya siku hizo ndipo meli ya kuzuru makaburi huenda kisiwani, mara moja tu kwa mwaka, maana jeshi haliruhusu watu wa pale kurudi kukaa. Utakumbukaje, nawe kila mwaka umekataa kwenda ukisema pananuka?

Nilikwenda, kaka. Mama nilimfunga kwa kitambaa, nikambeba kifuani ndani ya koti la mvua. Kwenye kaburi la bibi kila mtu alikuwa akimwagia mawe maji, maana kisiwa kile hakijawahi kushiba maji. Askari aliyetusindikiza aliniona nikipiga magoti, akageuka kutazama bahari. Nilichimba kwa mikono. Ardhi ilikuwa na moto. Nilimlaza ubavuni mwa mama yake, nikamwagia maji chupa nzima, nikalia mpaka wenzangu wakaja kuninyanyua. Sijutii hata chembe.

Kwa hiyo Jumapili, siku ya maziko, nitakuletea mtungi umefungwa kitambaa cheupe, na ndani yake mna kokoto za ufuoni hapa chini ya nyumba yangu. Zina uzito uleule, nimepima. Utaupokea kwa mikono miwili, mtawa atasoma, wageni wako watavua kofia, na mpiga picha wa gazeti atakupiga picha. Mimi nitakuwa nyuma yako nimevaa nyeusi, nainama kila unapoinama, na sitafungua mdomo. Ukiona huwezi kuyazika mawe, waambie kwa nini mama hayumo. Lakini uwaambie kwa Kiingereza, waelewe.

Nisalimie wifi na watoto, na mwambie wifi asihangaike na kitanda, nitarudi na meli ileile.

Ni mimi mdogo wako,
Fumie