Wageni Wanaovuta Picha Yako Chini

Mama mpendwa,

Goti linaendeleaje? Na majani ya chai, yamepona baridi ya Othaya? Mimi niko salama huku Ujerumani, ila nimegombana tena kazini. Usishtuke, unanijua.

Ile filamu yako ukisuka kikapu cha kiondo sasa imo kwenye makumbusho yetu, kwenye kioo kikubwa cha kugusa. Kompyuta hukumbuka kila mahali mgeni alipogusa, kisha huchora ramani: palipoguswa sana panakuwa pekundu. Vitufe vyetu vya maelezo havikupata rangi hata kidogo. Wekundu wote ulikuwa ukingoni, chini, mahali pasipo na kitu.

"Wageni hawaelewi," mkubwa wangu akasema. "Tuiondoe."

Nikamwambia nyumba iliyojaa vitu vya watu wengine ingejifunza angalau kuuliza. Watu wote hawawezi kukosea mahali pamoja bila sababu.

"Basi nenda ukawaulize," akajibu kwa upole. Liliniudhi, maana lilikuwa jibu zuri.

Nikaenda kusimama pale. Wanakutazama mpaka mkono wako unaposhuka na mkonge, halafu wanaweka vidole pale chini, ukingoni mwa kioo, na kuvuta picha, waone mkono unakokwenda. Bibi mmoja akaniuliza, "Huo uzi anausokotea wapi?"

Kwenye paja, Mama. Nawe ulimwambia mpiga picha, "Kamera iishie kiunoni. Ati paja langu lionwe na wazungu? Akina mama wa kanisa wakisikia je?"

Nikajaribu kumwonyesha kwa nyuzi zinazoning'inia kwenye skafu yake, juu ya suruali yangu. Zikateleza, zikafumuka. Kumbe kitambaa hakishiki; ngozi ndiyo hushika. Nimekula jasho la viondo vyako miaka yote na sikulijua hilo.

Mkubwa amekubali kungoja filamu mpya, itakayoonyesha uzi ukisokotwa. Isipokuja, kioo kitapewa kitu kingine. Je, unaweza kusokotea chini ya goti? Hapo hata kanisani hapafichwi. Na uzi wa hapo hutoka sawa na wa paja? Nataka kujua, hata ukikataa kamera. Ukikataa, nitawaambia jibu liko Othaya na limejifunga leso kiunoni.

Msalimie kaka Mwangi na ng'ombe wake, na shangazi wa Kiganjo. Mwenyekiti wa akina mama msalimie pia, lakini usimwambie kitu bado.

Binti yako mgomvi,
Wangari