Jino Lililokuwa Zima

Dada yangu,

Nimekukosea. Jino nililokung'oa lilikuwa zima. Nililigeuza pale dirishani, jeupe kama punje ya mahindi, nikakuficha. Nawe ukacheka: "Mdogo wangu, umenipunguzia kazi ya kutafuna!"

Sasa unasema taya bado linauma ukipanda ngazi, na pumzi zinakukatika. Nimemuuliza daktari wa moyo. Kasema moyo wa mwanamke ukiugua, wakati mwingine hulalamikia tayani.

Tangu hapo naota nimeshika jino lako, linadunda kiganjani taratibu, kama kifaranga kilicholala.

Ngazi ziache. Maumivu yakikujia umekaa tu, kimbilia hospitali, usinisubiri. Yasipokujia, Alhamisi asubuhi nitabisha mlangoni kwako, nikupeleke mwenyewe kwa daktari huyo, na nitamwambia mbele yako nilichokifanya.

Mdogo wako, mng'oa meno