Tuko Ukingoni, Asema Dalali

Jumatatu, 6 Novemba

Wiki ya tisa tangu tuanze kuuza nyumba ya Mama. Fenwick, dalali wa nyumba, amepiga simu: tuko ukingoni kabisa. Wiki iliyopita ilikuwa "imebaki kunyoosha mkono tu". Kabla ya hapo, "iko nyuma ya kona". Sisi Waingereza tuna maneno mia ya jambo linalotaka kutokea, na hakuna hata moja lenye tarehe! Mama ameteleza tena kwenye ngazi. Ana miaka themanini na mbili, na choo kiko juu. Nyumba tunayotaka kumnunulia haina hata ngazi moja.

Alhamisi, 9 Novemba

Nyumba tano zimefungamana. Kila mtu anamsubiri mwenzake auze ndipo anunue — asiposaini mmoja, wote tumekwama. Nani anachelewesha? Fenwick hapendi kuuliza, eti si adabu. Nilitaka kumfokea. Nikasema: hapana haraka, asante sana. Kisha nikalia jikoni.

Jumatano, 15 Novemba

Mwenye ile nyumba isiyo na ngazi amechoka kusubiri. Mwisho Ijumaa saa sita mchana, la sivyo anampa mtu mwingine. Nikampigia Fenwick. Dakika yoyote sasa, akasema. Dakika! Mama alisikia yote, akaendelea kumenya viazi.

Ijumaa, 17 Novemba

Fenwick ameuliza, hatimaye. Akakohoa kwanza. Karatasi za wote ziko tayari tangu Oktoba. Isipokuwa za Mama! Wakili wetu hakutaka kuniambia, asije akanisumbua. Kila alipompigia, Mama alimwambia ndiyo kwanza anavaa koti aende posta.

Bahasha yenye karatasi za kusaini nimeikuta kwenye droo ya soksi za marehemu Baba. Haijafunguliwa. Nikaifungua mbele yake.

"Mbona hukuniambia hutaki kuhama?"

"Ulikuwa unahangaika sana, Rosalind. Ningeanzaje?"

"Utavunjika nyonga, Mama. Utalala hapo chini siku nzima na hakuna atakayejua."

"Najua, mpenzi. Lete kalamu."

Nikampa. Akaishika. Akasema leo kuna baridi. Akasema Baba ndiye aliyepaka ile rangi ya ukutani.

Saa sita kasoro robo. Ofisi ya wakili iko mtaa wa pili, nikikimbia nafika. Nimeshavaa koti. Mama amesema anasaini sasa hivi, ila nimletee kwanza miwani yake, iko chumbani juu.

Miwani inaning'inia shingoni mwake. Nimeiona. Naye ameniona nikiiona.

Nimepanda kuitafuta hata hivyo. Nimekaa kitandani kwake, naandika haya. Saa sita kamili. Simu inaita huko chini, na hakuna anayeipokea.