Uliyekuwa Ukikaa Jikoni Kwangu

Mama Apondi,

Kwa heshima na taadhima, ninakutangazia wewe pamoja na majirani wako wapya huko uliko, kwamba kifungo cha sweta ya Wambui kimeshonwa. Kimeshonwa hadi mwisho, uzi ukakatwa, sindano ikarudi mkebeni. Sherehe hazikufanyika kwa kuwa mshonaji alikuwa amechoka.

Cheka tu. Si wewe uliyenibandika jina la Mama Nakuja? Kila ukiniita ng'ambo ya ukuta nilijibu "nakuja!" halafu sitokei. Njiani nimeona nguo za kuanua, kwenye nguo nimeona soksi moja, nikitafuta mwenzake nimekuta redio mbovu. Ukija kunichungulia unanikuta sakafuni, redio imefunguliwa matumbo, na maharagwe yanaungua. "Mama Nakuja," ulikuwa ukisema, "wewe ukitumwa kuita kifo, mtaa mzima wa Umoja tutaishi milele."

Si ungenituma mimi, basi. Mbona hukunituma mimi?

Tulikusindikiza mpaka kwenu Siaya. Nilisimama kando ya kaburi nikaona dada yako ananikazia macho miguuni. Kiatu kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Nikajua kwamba kama ungekuwa upande wetu ungeangua kicheko mbele ya mchungaji, na hapo ndipo nililia vizuri.

Sikiliza, kuna jambo sikulijua. Miaka yote ile nilidhani unakuja kwangu kwa sababu ya umbea. Ukishapakua cha mchana, huyo unaingia na karai lako la sukuma wiki, unakalia kreti ya soda, unakata mboga zako na kumsengenya mwenye duka. Hukunisaidia hata siku moja. Hukuinua hata kikombe! Lakini wewe ukiwa umekaa pale, vyombo vyangu viliisha, nguo zikakunjwa, chapati zikasukumwa zikiwa duara. Ukiondoka, ni kama mikono yangu umeibeba kwenye karai.

Ulipoondoka kabisa, ndipo ilipotokea ile ya shule ya nasari. Nilitoka kwenda kumchukua Wambui, naapa nilitoka. Nikapitia kwa fundi wa viatu mara moja tu, nikaingia kwenye mazungumzo, nikarudi nyumbani nimebeba viatu. Mtoto sina. Mwalimu wake ndiye aliyemleta jioni, Wambui ameshalia hadi sauti imekauka. Hakunilaumu. Alinishika sketi tu, hakuiachia.

Habari zikafika Murang'a, kwa wakwe zangu. Mama mkwe akatuma ujumbe kwamba anakuja kumchukua Wambui akamlee yeye, "mpaka mama yake apate akili." Nilimtazama Baba Wambui. Baba Wambui alitazama gazeti.

Apondi wako ndiye aliyenishika mkono. Alitoka Buruburu na mtoto mgongoni, akaniambia kuna sista kwenye kliniki yao, muuguzi wa makamo, ambaye huketi na kina mama na kuzungumza nao, bila sindano. Nikaenda. Nilikosea siku. Nilipoomba radhi sista akacheka, "Aa, basi umekuja na ugonjwa wako mkononi. Keti."

Alinieleza kwamba watoto wa namna yangu madaktari wameanza kuwapa jina, jina refu la kizungu. Mama mtu mzima bado anaitwa mvivu. Akasema kichwa changu si kibovu, kinakimbia tu bila breki. Halafu hakuniuliza ninashindwa nini, swali ambalo nilikuwa nimelijibu tangu darasa la kwanza. Aliniuliza, "Ni lini huwa unamaliza kazi? Na nani huwa yupo?"

Nilifungua mdomo nitaje jina lako. Halikutoka. Unajua nilikuwa nawaambia watu umesafiri?

Basi ninakwenda kwake kila wiki, siku ambayo Apondi hunikumbusha. Nimefundishwa kusema kwa sauti ninachokifanya, "sasa tunakunja nguo, hatufungui redio." Wambui ameidaka hiyo, ananisimamia kama msimamizi wa kiwanda. Pia nimekatazwa kujiita mjinga, hata kwa mzaha. Hapo ndipo pagumu, maana mizaha yangu yote ilikuwa ni hiyo.

Sasa nikueleze siku mama mkwe alipokuja. Kina mama wa huku nimewaambia nilimjibu kama wakili. Wewe nakupa ilivyokuwa.

Hotuba nilikuwa nayo. Nilisimama katikati ya sebule, nguo za Wambui zikiwa tayari kwenye mfuko mlangoni, na hotuba yote ikapeperuka. Kilichotoka ni, "Mama, Mama Apondi amekufa."

"Najua, mwanangu," akasema.

"Alikuwa akikaa na mimi jikoni. Akikaa, ninaweza. Tangu aende siwezi. Si kwamba mtoto simpendi." Nikaanza kulia, kilio kile cha makamasi, kisicho na heshima.

  Mama mkwe akageuka, akamtazama mwanawe, si mimi. "Na wewe, siku zote hizo ulikuwa unakaa wapi?"

 Baba Wambui alikwenda mlangoni, akachukua ule mfuko, akaurudisha chumbani. Wambui hakwenda. Mama mkwe alibaki kwetu wiki nzima, akaona kasoro hata kwenye chumvi, na kila mchana alikuwa jikoni nami. Siku hizi Jumamosi hukaa Baba Wambui. Hukaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino, lakini hukaa.

Lala salama, rafiki yangu. Apondi haniambii kitu, ila juzi nilimwona anamnyonyesha mjukuu wako huku machozi yanamtiririka, na nepi zimejaa beseni. Nakuahidi kesho asubuhi niko kwake. Simwoshei hata moja. Nitakaa naye mpaka amalize.

Wako,
Mama Wambui